Wanaojua Kuhama

Sajenti alipostaafu, alitakiwa kuihama nyumba ya jeshi aliyolelea watoto wake wote. Huko mitaani kila mwenye nyumba alimkataa. Wa mwisho, mjane mwenye vyumba viwili vitupu, hakuzunguka mbuyu.

“Baba, usinichukie bure. Mwanajeshi akigoma kulipa kodi, nani atamtoa? Mimi na mwiko wangu?”

Binti wa Sajenti, aliyefuatana na wazazi wake, alimwona baba yake akiinamisha kichwa, akajua leo watalala nje. Lakini mama yake alicheka.

“Una haki ya kuogopa, mwenzangu. Twende basi ukaone tunavyotoka.”

Wakaenda wote. Vyombo vilikuwa vimeshapangwa kwenye mkokoteni nje ya mlango. Ndani, sakafu ilikuwa imepigwa deki, na hata matundu ya misumari ukutani yalikuwa yamezibwa. Mjane akapitisha kidole dirishani, akakitazama.

“Nani kawaambia msafishe hivi?”

“Hakuna,” mama akasema. “Nyumba ya watu hii.”

Binti akamtazama mama yake, akaona kumbe nyumbani kwao askari walikuwa wawili.

Mjane akamgeukia mwenye mkokoteni. “Na wewe umesimama kama nguzo. Sukuma, twende kwangu.”