Pale Ulipokohoa

Muturi alikuja kwangu, mtaani Baba Dogo, Nairobi, mwaka wa tisini na nane akiwa na soda mbili na tabasamu, utadhani tuliachana jana kazini.

"Niaje, Patro? Umekonda, mzee."

"Gerezani hawapiki kama kwenu Komarock."

Akacheka. Akafungua soda kwa meno, kama zamani.

Tulianza pamoja themanini na nne, yeye akiongoza, mimi nikiigiza. Kwanza ilikuwa michezo ya jukwaani kwenye ukumbi wa mtaa, Kariobangi. Baadaye, alipopata kamera moja kuukuu, tukaingia filamu za video. Kwa sababu kamera ilikuwa hiyo moja tu, tulizua mtindo wetu. Mimi niliketi kitini mbele ya lenzi. Muturi alichuchumaa chini ya lenzi na kuwa mtu ninayezungumza naye: askari, mwenye nyumba, baba mkwe. Hatukuandika maneno. Alinichokoza kwa mambo ya kweli hadi nikawaka, kisha akaifuta sauti yake na kuacha majibu yangu. Watu walikuwa wakilia ukumbini.

Halafu, mwaka wa tisini na mbili, ghala la akina mama wa mitumba pale Kariobangi likachomwa. Diwani wetu alikuwa akikitaka kiwanja cha ghala hilo kwa miaka, na mimi ndiye niliyekuwa nikipanda juu ya meza sokoni kumtaja kwa jina. Polisi wakaja na kanda. Ni mimi, kitini, nasema: "Ndiyo, nilichoma." Nakohoa. "Petroli nilinunua mwenyewe. Ningechoma tena."

Ilikuwa filamu yetu ya mwaka uliotangulia. Nilikuwa nikiigiza mfanyakazi aliyechoma kiwanda. Lakini neno kiwanda halikuwemo tena, wala sauti ya Muturi akiniuliza maswali. Niliiambia mahakama huo ni uigizaji. Hakimu akataka mwongozaji aje athibitishe. Muturi hakuonekana. Alikuwa ameshapata kazi nzuri mjini, na nyumba Komarock.

Nikala miaka minne. Diwani aliionyesha kanda ile barazani ili kila mtu anione nikikiri. Mama yangu, Khavere, aliuza dagaa wa omena soko hilohilo. Watoto walikuwa wakipita nyuma yake wakikohoa kikohozi changu. Wenzake wakaacha kumsalimu. Alipokufa, mtaa mzima haukutoa hata mtu wa kushika jeneza. Walioitwa ni vijana wa mkokoteni. Mimi nilipewa habari hizo nikiwa ndani, nimeshika vyuma vya dirisha.

Sasa Muturi yuko mbele yangu anakunywa soda.

"Kuna wafadhili kutoka ng'ambo. Wameona kazi zetu za zamani. Wamesema bila wewe hakuna filamu."

"Hadithi ya nini?"

"Marafiki wawili. Mmoja anamsaliti mwenzake, mwenzake anafungwa." Hakupepesa jicho. "Wewe utakuwa yule msaliti. Hakuna mtu mwingine anaweza."

Nilitaka kumvunjia chupa usoni. Nikasema, "Poa. Lakini tufanye kwa mtindo wetu."

Jumamosi tukakutana kwenye ule ukumbi wa zamani kufanya jaribio. Mpiga picha wake alikuwa Jecinta, binti wa Kariobangi. Mama yake, Njoki, alipoteza marobota yote kwenye moto ule. Jecinta hakunisalimu. Aliitazama mikono yangu kana kwamba bado inanuka petroli.

Nikaketi. Muturi akachuchumaa.

"Ulimuuza rafiki yako kwa nini?"

Nikajibu vibaya. Nilipaza sauti kama mhubiri wa sokoni, nikajipiga kifua, nikalia bila machozi.

"Tena," akasema Muturi.

Nikaharibu zaidi. Ugonjwa wa huyu mtu ninaujua: anaweza kukuona ukifungwa akanyamaza, lakini hawezi kuona onyesho likiharibiwa akanyamaza.

"Tena!"

Nikaharibu.

"Toka hapo! Gerezani walikukausha nini? Toka nikuonyeshe!"

Akaketi kitini. Jecinta akanyoosha mkono azime kamera.

"Iache," nikasema. "Nitataka kumtazama baadaye."

"Iache," Muturi akakubali. "Ajifunze."

Nikachuchumaa chini ya lenzi, mahali pake.

"Ulimuogopa," nikasema.

"Nani, yeye? Bila mimi angekuwa anabeba saruji."

"Basi ni wivu. Watu walikuwa wakimlilia yeye. Wewe hawakukujua."

Mshipa ukamsimama shingoni. "Walimlilia kwa sababu mimi nilijua pa kukata! Uso ni wake, kazi ni yangu."

"Kazi gani? Wewe uliipeleka tu. Aliyeikata ile kanda ni kijana wa diwani. Mwenyewe anajisifia."

"Kijana wa diwani?" Akainuka nusu kutoka kitini. "Yule hata kuwasha deki ya video hajui! Nilikata mimi, sebuleni kwa diwani, deki mbili. Neno kiwanda lingebaki, hakimu angeshtuka. Nikakata pale ulipokohoa. Nani aliona? Hakuna! Kikohozi kinafunika mkato, Patro, hiyo ni kazi ya mtu anaye..."

Akarudi kitini. Katika hadithi yake hapakuwa na mtu anayeitwa Patro.

Jecinta alikuwa ameondoa jicho kwenye kamera.

"Lete hiyo kanda," Muturi akamwambia. Kisha akanigeukia. "Ilikuwa kuigiza, Patro. Si tulikuwa tunaigiza?"

"Ndivyo nilivyomwambia hakimu."

Jecinta akatoa kanda mkobani, akampa. Muturi akaikanyaga hadi ikapasuka, akaondoka. Nikamgeukia yule binti nimtukane.

"Ile ilikuwa tupu," akasema. "Yenyewe bado iko ndani ya kamera."

Akaniuliza kama aifute sauti yangu, abaki Muturi peke yake, kama nilivyofanyiwa. Nikakataa. Nilitaka wanisikie nikiuliza na wamsikie akijibu kwa mdomo wake.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, ukumbi ulijaa akina mama wa mitumba. Muturi alikuja na suti na wafadhili wake, akidhani tunaonyesha filamu za zamani. Alipojiona kitini kwenye televisheni, akainuka. Njoki alikuwa ameshasimama mlangoni.

"Keti, mwanangu. Picha haijaisha."

"Mama, hiyo ilikuwa kuigiza."

"Basi igiza umeketi."

Akaketi. Tukasikia yote, mpaka deki mbili, mpaka kikohozi. Hakuna aliyekohoa. Wafadhili walikuwa wakinong'onezwa na mkalimani wao, kisha wakachukua makoti na kutoka; hao Njoki aliwapisha.

Halafu akanijia, kitambaa amekishika mkononi. Wengine wakamfuata, wale walewale walioacha kumsalimu mama yangu.

"Baba, Khavere alizikwa wapi? Tuende tukamwone."

Walikuwa wakilia. Nilizitazama nyuso zao moja moja, na kila moja niliijua. 

"Jecinta," nikasema, "rudisha kanda mwanzo. Na wewe Njoki keti, karibu na Muturi."