Kisahani cha Marehemu

Siku za mashine ya kusafisha damu zilikuwa tatu kwa wiki, na siku hizo Mapafu aliamka hata jogoo hajapata la kusema. Alichemsha chai nusu kikombe, maana figo zilizokufa hazimwachii mtu kikombe kizima, kisha akaweka kidonge cha vitamini juu ya kisahani cheupe kilichomeguka ukingoni. Kisahani kilikuwa cha marehemu mkewe. Enzi zake alikuwa akimwekea humo dawa ya presha, anasimama mikono kiunoni, anasema, "Meza nikuone." Miaka miwili ilikuwa imepita tangu wamzike, na Mapafu bado alimeza huku amekikazia macho kiti kitupu cha upande wa pili wa meza.

Jina la Mapafu alilipata ujanani, katika ukumbi wa dansi nyuma ya soko. Alikuwa akivuta noti moja ya tarumbeta mpaka wachezaji wanaachiana mikono, wanasimama, wanahesabu kwa sauti. Walifika thelathini siku ile ambayo kila mtu wa rika lake alidai kwamba alikuwepo. Wimbo wa kufungia dansi ulianza kwa tarumbeta peke yake, bila ngoma wala gitaa, na hakuna mwingine aliyewahi kuuanza.

Humo humo alipata mke. Alikuwa mkata tiketi wa dirishani, na siku ya kwanza alimzuia mlangoni.

"Dada, mimi ndiye mpiga tarumbeta!"

"Hata ungekuwa tarumbeta yenyewe. Tiketi."

Akakata tiketi, akaingia kwenye dansi lake mwenyewe.

Sasa Kishindo, mpiga ngoma wa siku zile, alikuja na habari. Alikuwa mtu mnene, mwenye kucheka kabla ya kumaliza sentensi, lakini siku hiyo hakucheka.

"Ukumbi umeuzwa. Wanavunja, wanajenga stoo. Tumepewa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, alasiri moja tu. Tunapiga, tunafunga, basi."

"Na wimbo wa kufungia nani ataanza?"

"Unaniuliza mimi? Ngoma haipigwi kwa mdomo."

Mapafu akaivuta tarumbeta kutoka uvunguni, akaifuta vumbi, akaipuliza. Ilitoa mlio wa mbuzi aliyekanyagwa mguu. Pembe za mdomo wake, ambazo zilikuwa zimepasuka kwa miezi, zilifunguka upya, akaona damu kwenye shaba.

"Tafuta kijana," akasema.

"Nitafute kijana, nimwambie aanze wimbo aliokuwa akiungoja mke wako dirishani? Wewe una wazimu."

Jumatano Kishindo alimsindikiza hospitali akiwa na kopo kubwa kwapani. Chumba cha mashine kilikuwa na viti sita vya kulala, mashine sita zilizonguruma taratibu, na harufu ya dawa ya kupigia deki. Mapafu alinyoosha mkono wa kushoto. Alipofanyiwa upasuaji wa mshipa wa kuunganishia mashine alikuwa amegoma kabisa kutoa wa kulia, kwa sababu ule ndio wenye vidole vya tarumbeta.

"Hilo kopo la nani?" nesi akauliza.

"La rafiki yangu hapa," Kishindo akajibu kwa fahari. "Vitamini zote, kuanzia A mpaka zinapoishia."

Nesi alisoma maandishi, akaliweka kopo mbali kama mtu aliyeshikishwa panya. "Hii A mwili wake hauwezi kuitoa. Figo haziiondoi, mashine haiiondoi. Inarundikana mpaka inakuwa sumu. Kazimeze wewe nyumbani."

"Mimi nilitaka apone mdomo tu."

"Mdomo gani?"

Mapafu akamtupia Kishindo jicho kali. Hakuwahi kumwambia mtu. Mwanamume aliyehesabiwa thelathini hawezi kwenda kulalamikia midomo.

"Hebu, babu, fungua. Toa na ulimi." Ulimi ulikuwa mwekundu, laini kama uliopigwa msasa. "Vidonge nilivyokupa vya siku za mashine unameza?"

"Sijakosa hata siku moja!"

"Saa ngapi?"

"Alfajiri, kabla sijaja huku."

Nesi alifumba macho kidogo. "Babu wewe. Vitamini ile inayeyuka kwenye maji. Mashine haijui hii ni taka na hiki ni chakula, yote inayachuja. Unakimeza, mimi nakuunganisha, kinatoka kabla hakijakaa mwilini. Si nilikwambia baada ya mashine?"

"Yaani miezi minane nailisha mashine?"

"Ndiyo maana inanguruma kwa shibe," Kishindo akasema, akacheka peke yake.

"Kuanzia leo nikikuchomoa ndipo unameza. Hapa hapa, nikiona."

Mapafu akajigusa pembe ya mdomo. Mdomo aliutaka. Wimbo aliutaka kuliko mdomo. Lakini alfajiri ile, chai ile na kiti kile ndizo dakika pekee alizokuwa bado mume wa mtu.

"Asubuhi siwezi kuiacha," akasema polepole. "Kuna mtu hunitazama."

Nesi, ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake, hakucheka. Alirekebisha bomba, akasema, "Basi mlete hapa. Nafasi ipo."

Ijumaa Mapafu alikuja na kisahani kimefungwa katika leso, akaeleza kilikuwa cha nani. Mashine ilipozimwa na pamba ikabandikwa mkononi, nesi akaweka kidonge juu ya kisahani.

"Alikuwa anasemaje?"

Mapafu akamwambia. Nesi akashika kiuno kwa mikono miwili. "Meza nikuone."

Alimeza, kisha akaangalia dirishani kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri gari lisilokuja.

Wiki ya tatu pembe za mdomo zilikauka. Ya tano aliweza kupiga mluzi. Ya sita majirani walisikia noti moja, fupi, safi, wakatoka nje kutazama.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa watu wenye mvi na magoti mabovu. Dirisha la tiketi lilikuwa limepigiliwa ubao, lakini Mapafu aliligeukia hilo hilo, akawapa watu mgongo. Akapuliza. Noti ilipanda, ikakaa. Nyuma yake mtu mmoja alianza kuhesabu, wengine wakapokea. Hawakufika thelathini. Walifika kumi na nne, sauti zao zikitetemeka, na mdomo haukupasuka.

Noti ikaisha. Hapo ngoma ilitakiwa kuingia, na haikuingia. Mapafu akageuka. Kishindo alikuwa amekaa nyuma ya ngoma zake, fimbo mapajani, machozi yakimchuruzika mpaka shingoni.

"Ingia, bwana!" Mapafu akamkemea. "Unangoja tiketi?"