Pacha Wangu wa Kazi

Mtaani walituita mapacha. Mimi muuguzi, yeye afisa ustawi wa jamii. Nyumba moja tuliingia pamoja: mimi nafunga kidonda, yeye anauliza nani anapika na watoto wanalala wapi. Tulikuwa na utaratibu wetu. Mgonjwa asirudie aibu yake mara mbili. Akiniambia mimi, namwambia pacha. Lakini hakuna kuamua lolote mpaka tukae chini na mgonjwa mwenyewe.

Fundi cherehani, mjane mwenye mabinti wawili na ulimi wa pilipili, alininong'oneza kwamba kifafa kimerudi. Ameangukia pasi, mkono umeungua.

"Pacha wako asijue, dada. Watanichukulia watoto."

Nikamweleza utaratibu wetu. Nikamwapia kwamba hakuna atakayeamua bila yeye. Akakubali, shingo upande.

Nikamwambia pacha. Tukapanga: daktari abadilishe dozi, jirani awe anapiga pasi, kisha sote tukakae na fundi.

Nilipopeleka dawa mpya, nilimkuta kaketi mbele ya cherehani, sare ya shule bado iko chini ya sindano.

"Pacha wako kaja asubuhi na gari la ofisi," alisema. "Wanangu wamekwenda na ndala miguuni."

Nikatoka uani, nikampigia simu.

"Angemwangukia mtoto na pasi ya moto, nani angejibu?" pacha alisema. "Wewe una hospitali nyuma yako. Mimi bosi angenitoa kafara."

"Si tulipanga? Mbona hukunipigia?"

"Ungenikataza."

Alisema hivyo bila hata kumung'unya maneno. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo niliivaa kwa maringo miaka yote. Nilimkatia simu. Nilitamani kumtukana, nikakosa tusi la kumtosha.

Nilirudi ndani, nikaomba nimwangalie kidonda. Fundi akauficha mkono nyuma ya mgongo.

"Mimi sikujua," nikamwambia. "Haki ya Mungu, amenizunguka."

"Najua hukujua." Alichukua zile dawa mpya, akazirudisha mkobani mwangu, akafunga zipu. "Lakini yeye sikumwambia kitu. Nilikuambia wewe."