Bibi kwenye Masafa ya Zimamoto

Bibi alikuwa amefika pale patamu pa kisa chake, paka kazalia ndani ya kofia ya marehemu mumewe, alipoachia kitufe avute pumzi, na sauti ya kiume ikamkatiza kutoka kwenye redio ya upepo: "Samahani Bibi, tupishe kidogo. Hapa zimamoto."

Aliitupa redio mezani kama aliyeshika kaa la moto.

Redio hizo zilikuwa mbili, pacha, zawadi ya mwanawe aliyeko ughaibuni. Huko aliko, masafa ya redio hizo ni ya kila mtu, hata watoto huyachezea. Moja alibaki nayo. Ya pili alimpelekea mdogo wake ng'ambo ya bonde, ambako simu hazishiki, naye miguu ilikuwa imemgomea. Tangu hapo, kila asubuhi dada wawili walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Mchana mkaguzi wa masafa akabisha hodi. Mjukuu, fundi aliyesimika antena ndefu juu ya paa, akanong'ona, "Bibi, tuifiche kwenye unga!"

"Halafu tuseme aliyekuwa akiongea ni paka?"

Wakiichukua, nani atamchekesha mdogo wake? Hata hivyo aliiweka mezani. "Mwanangu, redio haina kosa. Mdomo ni wangu."

Mkaguzi aliuma midomo asicheke. "Leo limewaka jalala tu, Mama. Ingekuwa nyumba ya mtu?"

Bibi akanywea. "Kumbe hewa nayo ina mipaka kama shamba."

"Inayo. Na kila nchi imeigawa kivyake. Wewe umelima kwa jirani."

"Basi nionyeshe kwangu."

Palikuwapo masafa yasiyodai leseni, alisema, mradi nguvu iwe ndogo na antena ya paa ishuke. Fundi akaishusha, akairekebisha redio ya Bibi, kisha akavuka bonde kwenda kuirekebisha ya pili. Kama sauti ingefika, hakuna aliyejua. Mkaguzi alisema atasubiri apime, akavuta kigoda.

Redio ikavuma tupu. Bibi akatoka nayo uani, akapanda ngazi ya stoo, akajinyoosha.

"Dada?" Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Huyu mjukuu wako hajala tangu lini? Kanimalizia sufuria nzima!"

Mkaguzi akasahau kipimo chake mkononi.

Bibi alipanda kidato kimoja zaidi, jua usoni, kidole juu ya kitufe, akitafuta pa kuanzia tena kisa cha paka.