Mlango wa Kiwanda Haufunguki

Mtu akikwambia kifo cha mamako si kitu cha kuchezewa, utamjibu nini? Binti huyu aliambiwa hivyo na majirani, na wafiwa wenzake, hata na muuza vocha wa pale chini ya ofisi. Uzi ukawa ule ule. Kazi yake ilikuwa kutengeneza gemu za kompyuta, na safari hii alikuwa akitengeneza ya moto wa kiwanda cha nguo, moto uliomuua mama yake. Mchezaji anakuwa mshonaji. Moshi unaingia, anakimbilia mlango, na mlango umepigwa kufuli kwa nje, eti wafanyakazi wasiibe vitambaa. Basi. Hakuna kushinda.

"Gemu gani hiyo?" bosi wake alilalama kila kukicha. Ofisini walimwita Mzee wa Mauzo, na jina lilimkaa. "Watu wananunua gemu washinde, dada. Huzuni wanayo bure nyumbani kwao."

"Mlango haufunguki," binti alimjibu. "Siku ile haukufunguka."

Aliyemnyima usingizi hakuwa bosi. Alikuwa mama mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, ndiye aliyemlea. Naye alikuwa mshonaji mle kiwandani, na siku ile alipenya dirisha la choo akatoka. Tangu asikie habari za gemu, alimsalimia mwanawe kwa midomo tu. Matusi ya mji mzima binti angeyavumilia, lakini mama mdogo akisema "acha", angeacha. Hilo alilijua, na lilimtisha.

Ilipofika siku ya kuwaonyesha wafiwa, alimbembeleza mpaka akaja, shingo upande, mkoba kaukumbatia kifuani. Ukumbi ulikuwa wa viti vya plastiki na skrini kubwa ukutani. Mama mdogo akaenda moja kwa moja kiti cha mbele, akanyoosha mkono.

"Nipe hicho kidude cha kuchezea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hiki mimi nimekilalia."

Akacheza. Vidole vilikuwa vizito, lakini njia aliijua: meza ya kukatia, ngazi, korido. Akafika mlangoni, akabonyeza. Akabonyeza tena. Mlango ukafunguka.

Loo! Jua likawaka kwenye skrini, vigelegele vikapigwa, na maandishi makubwa yakatokea: UMESHINDA!

Binti akageuka, akamwona bosi kwenye kiti chake anapiga makofi peke yake.

"Nimewatilia matumaini kidogo," bosi akasema. "Jana, ulipokwenda nyumbani."

Mama mdogo alikuwa amesimama. "Nani kafungua huu mlango?" Hakupaza sauti, ila ilifika mpaka viti vya nyuma. "Dada yangu aliugonga huu mpaka kucha zikang'oka. Leo mtoto wa mtu ataufungua kwa kidole gumba, atatoka zake, kisha atauliza: hao waliokufa walikuwa wajinga? Mbona mimi nimetoka?" Akamtazama binti. "Ni wewe?"

"Si mimi, mama." Machozi yalimtoka, ya hasira tupu.

"Basi ufunge."

Binti akaiendea kompyuta.

"Ukigusa hapo, umemwaga unga," bosi akamtahadharisha.

"Nimeshaumwaga," alijibu, na vidole havikusita. Jamani, ilivyo tamu kumjibu bosi! Akaufunga mlango, kisha lile jua na vile vigelegele akavifuta vyote, hata maandishi.

Mama mdogo hakurudi kuketi. Alikichukua kile kidude, akapita nacho mbele ya watu wote mpaka kwa bosi, akamwekea mapajani. Wafiwa wakasogeza viti ili waone vizuri.

"Haya, baba," akamwambia. "Zamu yako. Toka, tukuone."