Ameze Wifi

Mshonaji alimeza vidonge vya goti kwa siku tisa, kimoja asubuhi na kimoja jioni, na siku ya kumi alipanda ngazi za ghorofa ya pili akishika ukuta kama siku ya kwanza. Juu alimkuta wifi yake, dada wa mumewe, anayeishi mlango wa pili, amesimama juu ya kiti akifunga pazia. Wifi alikuwa mtu wa mkongojo tangu mwaka juzi. Sasa mkongojo uliegemea mlangoni, umetundikwa kitambaa cha kufutia vioo.

Hawakusalimiana. Miaka kumi na mmoja walikuwa hawajasalimiana.

"Mnapakana ukuta?" daktari wa zahanati alimuuliza mshonaji, alipokwisha kusimulia habari ya wifi.

"Tunapakana."

"Na mmenuniana?"

"Vibaya mno."

Daktari akavuta kadi. "Basi dawa unayomeza wewe inakwenda kwake, na anayomeza yeye inakuja kwako. Ana ugonjwa gani?"

"Presha."

"Ndiyo maana una kizunguzungu. Mwezi huu nyinyi ni wa tatu." Akaandika kwenye kadi: *Vidonge vya goti, viwili kwa siku, ameze wifi.*

"Yule simwombi kitu, daktari."

"Basi utachechemea, mama," alisema, akaita mgonjwa mwingine.

Jioni mumewe, fundi saa, alirudi kwa kupitia kwa dada yake kama kawaida, akaketi mezani na maneno mapya. "Wifi yako anasema unajifanya kiwete ili ubembelezwe."

Mshonaji aliiweka kadi chini ya sindano zake na hakumwambia mtu. Jumamosi, aliposikia wifi akipiga pasi gauni la kwendea harusini, alinunua dawa ya kuendesha tumbo, akamimina vijiko vitatu na kunywa bila kukunja uso. Kisha akakaa kwenye cherehani yake na kusikiliza. Gauni halikutoka siku ile. Mnyororo wa choo cha jirani ulivutwa mara kumi na nne, na kila ulipovutwa mshonaji alishona pindo moja, akicheka peke yake hadi machozi yakalowesha kitambaa cha mteja.

Jumanne redio ya wifi haikuwashwa. Ilipofika saa nne asubuhi bado ilikuwa kimya, na mshonaji akagundua kuwa ameshona mkono wa kushoto upande wa kulia. Alisimama. Alikumbuka vile vidonge vya presha vilivyokuwa vikimwingia yeye bure siku zote hizo. Akatoka akichechemea na kusukuma mlango ambao mara ya mwisho aliusukuma akiwa na nywele nyeusi.

Wifi alikuwa sakafuni jikoni, macho mekundu, mkono kichwani.

"Wifi, dawa zako ziko wapi?"

"Kabatini, nyuma ya sukari. Za nini?"

"Nameza mimi."

"Kimoja tu. Usije ukaniua."

Mshonaji alimeza kimoja, akaketi sakafuni kando yake, akamweleza habari ya kadi. Wifi aliona inaeleweka. Baada ya muda kichwa kilimtulia, akajiinua na kuegemea jiko.

"Kwa hiyo Jumamosi ni wewe."

"Ni mimi."

"Nilikuwa nimeshasuka nywele, wifi!" Akaanza kucheka mwenyewe, kisha akanyamaza. "Lakini uliniita mwizi wa vyombo vya marehemu mama."

"Mimi? Si wewe uliyesema mimi ndiye niliyevibeba?"

"Nani kakwambia?"

Wote wawili wakatazamana, kisha wakautazama mlango. Mchana fundi saa alipopitia, aliwakuta pamoja jikoni. Hakushtuka.

"Mlikuwa mkikaa pamoja mnacheka mpaka chakula kinapoa," alisema. "Nikiongea hakuna anayesikia. Nilitaka kula kwa utulivu." Halafu akauliza kumepikwa nini.

Walipatana, lakini dawa hazikuacha kuvuka ukuta: tangu siku hiyo mawifi hukutana kila asubuhi saa moja, wifi akameza vya goti na mshonaji vya presha, wakakaa kuzungumza. Mshonaji anapanda ngazi bila kushika ukuta. Fundi saa hajaomba radhi, na bado hupita na maneno kutoka mlango mmoja hadi mwingine, ya kwake mwenyewe, mapya kila siku. Wao humpa chakula na kumwacha aseme.

Msimu wa baridi alishikwa na mafua makali, akamwomba mkewe ammezee dawa. Mkewe alimeza kwa moyo mmoja. Dada yake naye alimeza. Walimtazama siku nzima, na aliendelea kupiga chafya. Kesho yake alichukua vidonge, akasimama peke yake kwenye sinki, akameza vya kwake, na vikamponya yeye.