Anayebweka na Anayenyamaza

Mbwa walikuwa wawili na nafasi ilikuwa moja, na Tumpe alishaamua tangu Jumatano. Kilichobaki ni kumwambia mtoto.

Tomi alikuwa Jemani shepadi, mweusi mgongoni, masikio yamesimama muda wote. Moti alikuwa rijibeki, mbwa wa kuwinda, mwekundu wa rangi ya udongo, mwenye mstari mgongoni ambao manyoya yake yamelala kinyume na mengine. Wote vijana, wote hawajui maana ya kutulia. Bhavna, aliyewafuga shambani kwake nje ya mji wa Iringa, aliwaleta Iyunga, Mbeya, kwa pikapu yake mwenyewe.

"Mbwa hachaguliwi kwa macho," alimwambia Tumpe. "Kaeni nao wote mpaka nimalize kuwasalimia ndugu zangu hapa Mbeya. Ila wakimbizeni asubuhi na jioni. Hawa si wa kufungia bandani, watakula mlango. Mtakayempenda ni wenu, mwingine ana mtu anamsubiri."

Aliyeomba mbwa ni Zabron, mume wa Tumpe, dereva wa lori anayelibebea saruji duka la familia ya Bhavna. Alisema binti yake anataka mbwa wa kukimbia naye. Hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Nusu nyingine ilikuwa juu ya kabati, ndani ya kopo la majani ya chai, ambamo Tumpe alificha vidonge.

Frida, binti yao wa darasa la tano, alikuwa na kifafa. Kilolo, walikoishi zamani, alianguka kanisani kwaya ya watoto ikiwa katikati ya wimbo. Watu walirudi nyuma wakimwacha peke yake sakafuni, na aliyemgusa ni mama yake tu. Baada ya Jumapili ile hakuna mtoto aliyekubali kukaa naye dawati moja, eti povu linaambukiza. Shangazi mmoja akasema ni mizimu ya ukoo wa Tumpe. Tumpe alibeba vyombo vyake akahamia Iyunga, na huku Frida alikuwa na marafiki waliokula naye sahani moja. Mama mtu aliapa hakuna atakayejua, na tangu aape moyo wake haukupumzika hata siku moja.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," Zabron alimwambia kila aliporudi safari.

"Wewe unaondoka na lori lako," Tumpe alimjibu. "Mimi ndiye ninayebaki na macho ya watu."

Suala la mbwa ndilo pekee walilokubaliana. Daktari alikataza mtoto kuachwa mwenyewe, na Tumpe alishona nguo kibarazani mbele ya nyumba. Hakuwa na macho kisogoni.

Basi Jumatano Frida alianguka uani akianua nguo. Moti alijilaza ubavuni kwake, mgongo ukimgusa, kimya, akangoja. Tomi yeye alipandwa na wazimu. Alibweka, akakimbilia kwenye cherehani, akarudi uani, akabweka tena mpaka mabati yakaitika. Frida hajafumbua hata macho, Mama Esta wa nyumba ya pili alishafika kugonga geti. Na Mama Esta huyo! Mwema, lakini mdomo hauna kufuli. Mbwa wake mwenyewe alimwita Hayakuhusu, ilhali hakuna jambo la mtaa ule ambalo halikumhusu.

"Mama Frida, kuna nini? Mbona mbwa anataka kufa?"

"Nyoka tu," Tumpe alisema kupitia upenyo wa geti.

"Nyoka! Na baridi yote hii? Nije na fimbo?"

"Ameshakimbia, mama. Ndaga, asante."

Alisimama nyuma ya geti mpaka kandambili za Mama Esta ziliposikika zikienda zake. Simba mwenda kimya ndiye mla nyama, alijiambia. Atabaki Moti.

Jioni walipotoka kuwakimbiza mbwa kando ya reli, Frida aliuliza, "Mama, nikianguka, nani anakuja kukuita?"

"Moti anakulinda, mwanangu."

"Sijauliza nani ananilinda. Nimeuliza nani anakuita."

Tumpe alijifanya hakusikia. Aliona aibu, na aibu ile akaigeuza hasira, akamvuta Tomi kamba kwa nguvu bila kosa lolote.

Jumamosi Bhavna alirudi kumchukua atakayeachwa. Getini kulijaa watu, maana mama wa Kihindi mwenye kubeba mbwa kwenye pikapu si jambo la kila siku. Mwalimu wa watoto wa Jumapili alikuwepo, mama wa rafiki mkubwa wa Frida alikuwepo, na mbele kabisa alisimama Mama Esta, mikono kiunoni. Frida alikataa kuja kuaga. Alijificha nyuma ya nyumba na Moti, akilia. Tomi akapandishwa garini, kamba ikafungwa kwenye chuma.

"Umechagua vizuri," Bhavna alisema. "Rijibeki hana maneno mengi."

Alikuwa anafungua mlango wa gari Tomi alipogeuza masikio kuelekea nyuma ya nyumba. Akaanza kubweka. Alibweka akivuta kamba mpaka macho yakamtoka, akirudi nyuma na kujirusha tena.

"Maskini," Bhavna alisema. "Anajua anaondoka."

Watu wakamhurumia. Mama Esta akatikisa kichwa. Tumpe alikuwa amepewa uongo wa bure, hata hakuhitaji kuutunga. Ni yeye peke yake, kati ya wote wale, aliyeijua sauti ile, kwa kuwa aliisikia Jumatano. Moti yuko naye, alijiambia. Itapita kama inavyopitaga. Gari liondoke tu, nifunge geti, ndipo nikimbie. Gari tu liondoke. Akawatazama watu wale mmoja mmoja, na akaiona Kilolo yote imesimama getini kwake.

Kisha akakumbuka jiko. Maharage yalikuwa motoni jikoni nyuma, juu ya jiko la mkaa, na jiko lilikuwa chini sakafuni.

"Mfungulie!" alipiga ukelele. "Dada Bhavna, mfungulie mbwa! Mwanangu ameanguka! Ana kifafa, mfungulie!"

Alishaanza kukimbia kabla hajamaliza kusema. Tomi alimpita kwenye kona ya nyumba.

Jiko lilikuwa limepinduka. Frida alikuwa sakafuni, mwili ukikakamaa na kutupwatupwa, na kati yake na makaa yaliyotawanyika alilala Moti. Manyoya ya ubavuni yalikuwa yameungua mpaka ngozi. Hakuwa amelia. Alimtazama tu Tumpe, akitetemeka, na hakusogea.

Nyuma yake watu waliwasili. Mwalimu wa Jumapili aliishia mlangoni, akaziba mdomo kwa kitenge, akarudi nyuma. Tumpe alimwona, na ilimuuma palepale alipodhani itamuuma. Lakini kuna mtu alimsukuma mwalimu pembeni akaingia, akayapangua makaa kwa kandambili.

"Mlaze ubavu," Mama Esta alisema. "Usimkandamize mikono. Nipe kitenge chako, niweke chini ya kichwa. Hivyo. Sasa tumngoje."

Walimngoja pamoja, magoti sakafuni katika maharage yaliyomwagika, mpaka mwili wa Frida ukalegea na pumzi ikarudi ndefu.

"Ndiye nyoka wa Jumatano?" Mama Esta aliuliza taratibu.

Tumpe aliitikia kwa kichwa. Akalia, na kwa mara ya kwanza hakujificha.

"Mwe! Na mimi nilitaka kumletea fimbo."

Bhavna alikuwa amepiga goti akimmwagia Moti maji ubavuni. "Huyu nampeleka kwa daktari wa mifugo sasa hivi," alisema. "Ni kidonda, atapona. Akipona nakurudishia, Mama Frida. Huyu ndiye shujaa wako. Tomi naondoka naye kama tulivyopanga."

Moti hakutoa sauti hata maji yalipogusa nyama. Tumpe alimhurumia, kwa sababu alimjua sana mbwa yule. Miaka yote Tumpe naye alilala kati ya mwanawe na moto, akaungua bila kusema, na bado mtoto alikuwa peke yake sakafuni.

"Wa kunyamaza nyumba hii inaye tayari," alisema. "Niachie mwenye kelele."

Moti alipona, na Bhavna alituma picha yake akikimbia katika shamba la yule mtu aliyekuwa akisubiri mbwa. Iyunga mambo hayakunyooka yote. Rafiki mkubwa wa Frida alikatazwa na mama yake kuja, na Frida alilia siku nyingi, na Tumpe akamlaani mama yule kimoyomoyo kila alipopita. Watoto wengine walikuja. Tomi aliwakimbiza wote mpaka relini na kuwarudisha hoi.

Mchana mmoja wa mvua Tumpe alikuwa kwenye cherehani, Tomi akaanza. Cherehani ikanyamaza, kitambaa kikaanguka chini. Sauti ya Mama Esta ikaruka uzio.

"Mama Frida! Nyoka?"

Tumpe alikuwa ameshafika uani anakimbia, na alijibu kwa sauti iliyofika mpaka barabara kuu.

"Si nyoka! Ni Frida! Njoo!"

Kandambili zikasikika zikija.